Mguu Usiofika Chini

Mungu alipogawa urefu, Athanase alikuwa kwenye foleni kama watu wengine, ila mbele yake walisimama watu warefu na hakuonekana. Hivyo ndivyo mke wake Myriam anavyowaeleza wageni. Athanase, ambaye ni mtu wa haya, hucheka kidogo kisha hutoka nje kuangalia kama mbuzi wamefungwa vizuri. Mbuzi huwa wamefungwa vizuri.

Kwa miaka mingi kimo chake hakikumletea shida yoyote. Alizaliwa kwenye vilima vya Mushaki, katika shamba la maharage lenye mteremko mkali, ambapo mtu mfupi akisimama upande wa juu analingana na mtu mrefu wa upande wa chini, na amani inakuwepo. Alipokuwa kijana aliendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kiti wala minyororo. Alipakia viazi Mushaki na kuteremka navyo mpaka Sake, goti moja likiwa juu ya ubao, mguu mwingine ukisukuma barabara. Chukudu haiulizi mtu urefu wake. Inauliza tu kama ana magoti, na hayo Athanase alipewa mawili, kama watu wote.

Baadaye akapata kazi ya heshima zaidi: kuendesha pikipiki ya Mama Kasoki. Huku kwetu pikipiki tunaiita moto, na mwendeshaji wake ni motari. Tangu siku ile Athanase hakutaka tena kusikia neno chukudu. Mtu akimkumbusha, alijifanya ana kikohozi.

Mama Kasoki ni mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Mukatoliki wa misa ya kwanza, mwenye duka kubwa, magazini kama tunavyoliita, karibu na soko la Mushaki. Ni mama wa mviringo, na sauti yake inaweza kufika Sake bila simu. Nyuma ya meza yake ya kuuzia kulikuwa na kigoda cha mbao alichokipanda kila alipotaka kutoa kitu kwenye rafu ya juu. Kila alipokipanda alimlaani seremala kwa kujenga rafu za majitu. Hakuna mteja aliyewahi kuthubutu kusema kwamba rafu zilikuwa za kawaida.

Kazi ya Athanase ilikuwa kumbeba Mama huyo mpaka Walikale, kwenye masoko ya Mpofi na Ntoto, alikopeleka chumvi, sabuni na vitenge na kuagiza mafuta ya mawese. Moto ya zamani ilikuwa fupi na yenye huruma. Athanase alikuwa akisimama, miguu yote miwili inakanyaga chini kama ya mwenye nyumba. Ubaya wa moto ile ni kwamba tumbo lake pia lilikuwa karibu na chini. Kwenye njia ya Ntoto, ambako magurudumu ya wengine yamechimba mifereji na kuacha tuta la matope katikati, moto ilikaa juu ya tuta, magurudumu yakizunguka hewani, mpaka watu wa kijiji waje kuishusha kama mbuzi aliyekwama juu ya ua.

Ndipo Mama Kasoki, bila kumuuliza mtu, akaenda Goma na kurudi na moto mpya.

Ilikuwa nyekundu, na ilikuwa ndefu. Mbele ya magazini watu walikusanyika kuitazama kama wanavyotazama ng'ombe wa mahari. Chini ya tumbo lake kuku angepita bila kuinama. Kiti chake kilifika kwenye mbavu za Athanase. Hata bekiye, ule mguu mdogo wa chuma wa kuisimamishia moto, ulionekana mrefu kuliko wa dereva.

"Papa Athanase, panda tuone," akasema Mama Kasoki.

Athanase alipanda. Ilikuwa kazi ya kuheshimika: alishika usukani, akatia mguu kwenye kikanyagio, akajivuta, akalala kifudifudi juu ya tangi, kisha akakaa. Watu walipiga makofi. Halafu alitaka kuteremsha mguu wa kushoto, na mguu wa kushoto ukatafuta Mushaki, usiione. Akatafuta kwa mguu wa kulia. Mushaki haikuwepo upande huo pia. Moto ikainama polepole, kwa adabu, na kumlaza kwenye rundo la maganda ya ndizi.

"Iko muzuri," akasema Athanase akiwa chini. "Iko na nguvu."

Mtu aliyecheka kuliko wote alikuwa Mbusa, mtoto wa kaka yake Mama Kasoki, aliyekuwa ametoka Butembo wiki ile kutafuta kazi kwa shangazi yake. Mbusa alikuwa na miguu iliyoanzia kifuani. Aliinua moto kwa mkono mmoja, akaikalia bila kuruka, na nyayo zake zote mbili zikalala chini, magoti yakiwa yamekunjwa, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha choo.

"Tantine," akasema, "hii moto ilitengenezwa kwa bantu wenye miguu. Nipe mufunguo."

Mama Kasoki alimtazama Mbusa, akamtazama Athanase akijipangusa maganda. Hakuwa mama mbaya. Alijua kwamba Athanase hanywi, haendi mbio, na anajua njia ya Ntoto kila shimo lake. Lakini alijua pia uzito wake mwenyewe.

"Papa Athanase, mi napenda kazi yako," akasema. "Utaiendesha kwanza na mizigo na abiria wengine. Siku ya soko kubwa ya Ntoto tutaenda, weye na mimi. Ukiniangusha, hata mara moja, hata kwa majani, mufunguo njo wa Mbusa. Unasikia?"

"Ninasikia, Mama."

"Hata kwa majani," akarudia Mbusa, akiwa bado amekaa juu.

Siku zilizofuata Athanase alijaribu kila dawa ambayo akili ya binadamu imevumbua dhidi ya ufupi. Kwanza alimwendea Fiston, fundi viatu, akaagiza soli za tairi. Fiston alifanya kazi kwa moyo. Alipanga tairi juu ya tairi, akapigilia misumari, na Athanase akarudi nyumbani akitembea kama mtu anayevuka mto.

Myriam alikuwa akichambua maharage mlangoni.

"Papa Anne," akasema, maana binti yao wa kwanza ni Anne, "karibu. Ulikuwa mufupi asubuhi, sasa umekuwa mufupi juu ya gari."

"Iko ya kazi, Mama Anne."

"Sikatai. Ila ukiingia nazo kanisani, mchungaji atasema umesimama wakati wa maombi ya kukaa."

Viatu vile vilimfikisha chini, hilo ni kweli, lakini vilimnyima kitu kingine: hakuweza tena kujua kama amekanyaga breki au amekanyaga hewa. Siku ya pili aliingia kwenye ua wa kanisa bila kualikwa, na viatu vikarudishwa kwa Fiston, ambaye alisema kwa huzuni kwamba tatizo si soli, tatizo ni yaliyo juu ya soli.

Kisha akamwendea Gisubizo, anayeshona viti vya moto, na kumwomba apunguze sponji. Gisubizo alikata. Athanase akakaa, bado. Gisubizo akakata tena. Alipomaliza, katikati ya kiti kulikuwa na shimo kama kinu, na Athanase alikaa ndani yake kama mhogo unaosubiri mchi. Miguu ilisogea chini kidogo tu, ila sasa alipoendesha ilionekana kofia peke yake. Watoto wa Mushaki walieneza habari kwamba moto ya Mama Kasoki inajiendesha.

Dawa ya tatu aliivumbua mwenyewe, na aliionea fahari kimyakimya: mawe. Aliwaza hivi. Mguu haufiki chini. Basi chini ije kwenye mguu. Kila mahali aliposimama kwa kawaida alipanga jiwe moja pana, upande wa kushoto wa njia. Liliwekwa moja kwenye parkingi ya Mushaki, moja mbele ya kisima, moja kwenye kijiji chenye ofisi ya serikali njiani, na mengine mpaka Mpofi. Akifika alipima kwa jicho, akapunguza mwendo, na mguu wa kushoto ukatua juu ya jiwe kama kuku anayeingia kibandani. Mtu asiyejua angesema ni motari kama motari wengine.

Ubaya wa jiwe zuri ni kwamba kila mtu anaona ni zuri. Haikupita wiki, jiwe la parkingi likawa na mtu juu yake. Alikuwa Nadine, muuza fromage, ambaye alikuwa ameketi juu yake na beseni lake la jibini za Masisi, mviringo na njano, zimepangwa kama sahani.

Athanase alizunguka parkingi mara ya kwanza. Nadine hakusogea. Akazunguka tena, nyuma yake amebeba mwalimu wa kwaya.

"Dada Nadine," akaita akipita, "nakuomba jiwe!"

"Unataka nini?"

"Jiwe!" Alikuwa ameshapita. Alipozunguka tena akamalizia: "Lile umekalia!"

"Papa Athanase, mimi nakalia jiwe ya Mungu. Weye ukae fasi yako."

Mzunguko uliofuata mwalimu wa kwaya aliuliza kwa upole kama nauli inahesabiwa kwa umbali. Athanase akaona haya, akasimama bila jiwe, na wote watatu, yeye, mwalimu na moto, wakalala kando ya beseni la fromage. Nadine aliokoa beseni. Mwalimu hakuokolewa na mtu. Mbusa, ambaye siku hizo alikuwa amefanya parkingi kuwa nyumba yake, alinyoosha miguu yake mirefu kwenye jua na kusema: "Mi sisemi kitu. Mi nangojea tu siku ya Ntoto."

Siku ya Ntoto ilifika. Walitoka Mushaki ukungu ukiwa bado umelala juu ya malisho na ng'ombe wakiwa vivuli tu. Mama Kasoki alipanda kutoka kwenye ngazi ya mlango wa magazini yake. Moto ilisogezwa mpaka kizingitini, naye akahamia juu yake bila kuteremka duniani. Athanase aliona jambo hilo, hakuliwazia. Alikuwa na mawe yake ya kuwaza.

Mama alikuwa na rozari mkononi, naye Athanase, ambaye ni Muprotestanti, alijifunza siku ile kupima barabara kwa Salamu Maria. Kwenye mahali pazuri Mama alisali taratibu. Kwenye mashimo alikimbiza. Kwenye madaraja ya miti alisahau maneno yote na kubaki na "Mama! Mama!", ambayo Athanase hakujua kama inamwendea Bikira au inamwendea yeye.

Mpaka hapo hawakuwa wamesimama hata mara moja, na huo ndio ulikuwa mpango. Moto ndefu ikiwa inatembea haina ubaya wowote. Inaruka mifereji, tuta halifiki tumboni, matope yanabaki chini yanasikitika. Ubaya wake wote uko katika kusimama. Athanase aliomba tu dunia iwe na adabu, isimsimamishe bila sababu.

Wakafika kwenye kijiji kile chenye ofisi ya serikali. Na hapo, walipoingia tu mbele ya uwanja, ikalia filimbi.

Kila mtu anayeishi katika nchi hii anajua filimbi hiyo. Ni asubuhi, bendera inapanda, na bendera ikipanda kila kitu kinasimama: wenye miguu, wenye baiskeli, wenye mizigo kichwani, na hata walevi, ambao hujitahidi. Mama mmoja aliyekuwa amebeba ndizi aligeuka nguzo. Mtu wa chukudu, amepakia makaa, alisimama palepale kwenye mteremko, goti bado liko juu ya ubao. Kofia zikavuliwa. Mbuzi peke yao waliendelea, na wao hawana kitambulisho.

Athanase aligeuza macho upande wa kushoto kutafuta jiwe lake. Halikuwepo.

Akapunguza mwendo, akazunguka uwanja polepole, injini ikilalamika katika ukimya ule mkubwa. Na alipozunguka aliliona. Lilikuwa chini ya mlingoti wa bendera. Walikuwa wamepanga mawe duara kuzunguka mlingoti, wakayapaka chokaa, na jiwe lake, kubwa kuliko yote, lilikaa mbele, jeupe kama jino. Athanase alikuwa ameliacha pembeni mwa barabara likiwa jiwe la kawaida. Sasa lilikuwa limepata kazi serikalini.

"Papa Athanase!" Mama Kasoki alinong'ona kwa sauti iliyosikika na kijiji kizima. "Simama! Bendera!"

"Ninasimama, Mama."

"Unasimama kwa kuzunguka?"

Polisi aliyekuwa chini ya mlingoti, Papa Léopold, mkono wake ukiwa kwenye kofia, hakuweza kugeuza kichwa. Lakini jicho lake liliwafuata kuanzia kushoto mpaka kulia, likaishia kwenye kona, likawangojea waje tena kutoka kushoto. Bendera ilikuwa imefika katikati ya mlingoti. Athanase alihisi mikono ya Mama imeshika koti lake. Mbele ya macho yake aliona Mbusa amekaa kwenye moto nyekundu, nyayo zimelala chini.

Akatazama huku na huku kama kuna tuta, gogo, chochote. Macho yake yakamwangukia yule mtu wa chukudu, aliyesimama na makaa yake bila wasiwasi. Alikuwa na goti moja juu, mguu mmoja chini, na chukudu imeegemea ubavu wake kama mtoto.

Athanase alisahau kukohoa.

Mwili ulikumbuka kabla ya kichwa. Alisimama juu ya kikanyagio cha kushoto, akatoa makalio kwenye kile kinu cha Gisubizo, akavuta mguu wa kulia juu ya tangi mpaka upande wa kushoto, akauteremsha. Mguu ulikuta udongo, ukakimbia nao hatua mbili tatu, breki ikashika, na moto ikasimama imeegemea kiuno chake. Mguu mmoja ulikuwa juu ya kikanyagio, mwingine umefika chini, unyayo mzima, hata kisigino kikikanyaga udongo. Akavua kofia. Bendera ikafika juu. Filimbi ikalia tena, na kijiji kikaanza kuishi.

Mama Kasoki alikuwa bado juu. Alikaa peke yake kwenye kiti, rozari mkononi, kama sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano.

Papa Léopold akaja, kwa mwendo wa mtu aliyepata kazi ya siku nzima.

"Weye motari, ulizunguka mbele ya bendera kama nyuki. Na weye Mama, bendera inapanda, weye unakaa?"

"Nani alikaa?" Mama Kasoki akauliza.

"Weye! Hata sasa unakaa!"

"Papa polisi, ongea na akili. Bantu wote walisimama chini. Mimi nilikuwa juu kuliko wote. Karibu na bendera kuliko mimi, kulikuwa nani?"

Watu waliokuwa wamesimama kwa heshima sasa walisimama kwa raha. Papa Léopold aliangalia bendera, akaangalia Mama, kana kwamba anapima.

"Sheria haisemi juu," akasema mwishowe. "Sheria inasema musimame. Shuka, Mama. Utasimama hapa mbele ya bendera, na motari wako, mpaka nitaona imetosha."

Mama Kasoki hakushuka. Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Alipangusa matope kwenye kitenge. Kisha akainama mpaka kinywa chake kikafika kwenye sikio la Athanase, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, akanong'ona kweli.

"Papa Athanase. Usiniachilie. Mi sifiki chini."

Athanase alitaka kugeuka, hakuweza, maana moto yote ilikuwa kwenye kiuno chake. Kumbe. Ngazi ya magazini, kigoda, rafu za majitu. Mama aliyekwenda Goma kununua moto ya watu warefu hakuwa amepima mguu wa mtu yeyote, kuanzia wake.

Angeweza kucheka. Mtu mwingine angecheka, na kijiji kingesaidia. Lakini Athanase alijua vizuri jinsi kicheko kile kinavyosikika kwa mtu aliye upande wa pili.

"Afande," akasema kwa sauti ambayo hakujua anayo, "Mama anataka kushuka. Mimi njo nimemukataza. Mi niko mufupi, unaniona. Akishuka vile, sitaweza kushika moto, itaanguka. Ninaomba kitu cha kukanyagia. Hata lile jiwe ya mbele."

"Jiwe ya bendera? Hiyo jiwe iko ya Serikali!"

Athanase alilitazama jiwe lake. Lenyewe halikumtazama. Likishapakwa chokaa, jiwe haliwajui tena watu wa zamani.

"Basi kiti," akasema.

Kiti kilitoka ofisini. Kilikuwa cha mkubwa mwenyewe, chenye mikono, maana kingine kilikuwa kimevunjika. Mama Kasoki aliteremka juu yake kwa utaratibu, akishika kichwa cha Athanase kama fimbo, na kutoka kwenye kiti akafika duniani salama. Wakasimama wote wawili mbele ya bendera mpaka jua likatoka kwenye ukungu na Papa Léopold akachoka kuwaangalia. Watu waliopita walimwonyesha Athanase kwa kidole. Yule mufupi, walisema, ambaye mama wa watu anashindwa kushuka sababu yake.

Mama Kasoki alisikia yote. Hakusahihisha neno. Alisali tu, polepole, kama kwenye barabara nzuri.

Kupanda tena kulihitaji kiti kilekile, na safari hii Papa Léopold mwenyewe alikishika miguu.

Ntoto walifika, wakauza, wakaagiza mafuta, wakalala kwa marafiki wa Mama. Kila aliposimama, Athanase alisimama kichukudu, mguu ukishuka mapema kukimbia na udongo, na kila mara alipata kwanza ukingo wa njia au gogo upande wa Mama. Hawakuongea juu ya jambo hilo. Mara moja tu, baada ya Mpofi, Mama aliuliza nyuma yake:

"Ulijifunza wapi kusimama vile?"

Athanase alikohoa. Kisha akaacha kukohoa. "Chukudu, Mama. Mushaki mpaka Sake."

"Miaka mingi?"

"Miaka ya ujana yote."

"Hmm," akasema Mama Kasoki. "Na mimi nilifikiri unaumwa kifua."

Waliporudi Mushaki, parkingi yote ilikuwa inawangojea, maana habari za bendera zilitangulia kama kawaida ya habari. Nadine alikuwa juu ya jiwe na fromage zake. Mbusa alikuwa amesimama mbele ya wote, mkono umeshanyooshwa, kiganja juu, tayari kwa mufunguo.

Athanase aliingia bila kutafuta jiwe. Mguu ukapita juu ya tangi, ukashuka, ukakimbia, ukasimama.

"Eh! Chukudu ya petroli!" mtu akapiga kelele, na parkingi ikaanguka kwa kicheko, yote isipokuwa moto. Athanase aliona uso wake unapata joto mpaka masikioni. Ila kiuno hakikutikisika.

"Tantine," akasema Mbusa, "walisema alikuzungusha mbele ya bendera. Walisema alikufungisha."

"Aliniangusha?" akauliza Mama Kasoki kutoka juu.

"Hapana, lakini..."

"Hata kwa majani?"

Mbusa akatazama kiganja chake kitupu.

"Bon. Mbusa, mutoto wangu, ingia magazini, leta kigoda."

"Kigoda ya nini?"

"Nimesema leta."

Mbusa alileta kigoda, akainama sana kukiweka chini. Mama Kasoki akateremka juu yake, akateremka tena chini, akamtazama mtoto wa kaka yake kuanzia viatu mpaka alipochoka shingo.

"Kigoda hii inabaki na moto," akasema. "Papa Athanase iko na mahitaji yake, muliona wenyewe, nyinyi munaocheka. Magazini inabaki bila kigoda. Na mimi niko na rafu za juu." Akaingiza mkono kwenye kitenge, akatoa mufunguo, akauweka kwenye kile kiganja kilichokuwa kimengojea tangu mchana. "Huu njo mufunguo wa magazini. Kesho asubuhi unaanza na sabuni. Ziko kwenye rafu ya juu kabisa."

Watu walisema Mama Kasoki ni mama mwenye moyo, kumhurumia dereva wake vile. Myriam aliposikia alicheka mpaka akamwaga maharage.

"Papa Anne, sasa unatembea na ngazi?"

"Ee," akasema Athanase, akatoka nje kuangalia mbuzi.

Ukipita njia ya Masisi utaiona ile moto nyekundu. Nyuma yake, chini ya mizigo, kimefungwa kigoda cha mbao kwa kamba ya mpira, na kwenye bariere, vile vizuizi vya barabarani, wanajeshi humuuliza Athanase kama anakwenda kukamua ng'ombe. Yeye hucheka kidogo. Husimama kichukudu, hukifungua kigoda, hukiweka upande wa Mama, na hutazama pembeni mpaka Mama afike chini. Kisha Mama Kasoki hujipangusa kitenge na kuwaambia wote waliopo: "Mumuvumilie. Iko mufupi, lakini anaendesha vizuri."

Kigoda kimezeeka, kimepasuka upande mmoja, kimejaa alama za matope ya viatu vya Mama. Kiatu cha Athanase hakijakikanyaga hata siku moja.